Habari za Bahari

Kila asubuhi, kabla hajafumbua macho sawasawa, Shufaa alishusha miguu kitandani na kuichomeka kwenye ndara zake. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na jambo hilo alikuwa akilifanya tangu utotoni bila kulifikiria, kama mtu anavyopiga miayo. Ndara zilikaa palepale siku zote, pua zikiutazama mlango. Jumatatu moja alishusha miguu, nayo ikaingia majini hadi vifundoni.

 Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Hata alipokuwa chuoni, akijua jibu alikuwa akiliandika pembeni ya daftari na kulifunika kwa mkono. Alitazama chini. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, na juu yake vilielea kitana, kifuniko cha sufuria, na kisamaki kimoja kilichoonekana kuwa kimekosea nyumba. Ndara hazikuwapo.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa jirani yao, Mzee Pandu, fundi saa aliyestaafu. Alisimama mlangoni, suruali ameikunja hadi magotini, ndara za Shufaa mkononi.

"Karibu, babu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kuamka?"

"Nzuri, ila maji yameingia."

"Alhamdulillahi. Na sisi kwetu salama kabisa, ila godoro limetoka. Limepita kwa nyuma hapo, nadhani linaelekea kwa Bi Mafunda. Haya, ndara zako hizi. Zilikuja kunisalimia."

"Ahsante, babu. Na bibi hajambo?"

"Hajambo, ila yuko juu ya kabati."

Msomaji asiyetoka katika Jamhuri ya Nchikavu anaweza kudhani kwamba watu hawa walikuwa wakitaniana. La. Huko ndivyo watu wanavyosalimiana. Ukiulizwa habari, kwanza unajibu "nzuri", kisha unavuta pumzi, kisha unasema "ila", na hapo ndipo unapoeleza kilichokupata. Mtu anaweza kufika mlangoni kwako nguo zake zinawaka moto, na bado atakwambia habari ni nzuri, ila anaomba maji. Kuanza na ubaya moja kwa moja ni kumtupia mwenzako mzigo kabla hajaketi. Watoto hufundishwa adabu hiyo kabla ya kufundishwa kutembea, na hakuna aliyewahi kudhurika nayo, mpaka bahari ilipoanza kuingia majumbani.

Jikoni, mama yake Shufaa alikuwa akiongeza tofali. Bi Nunu alikuwa muuza mkate wa ufuta, na jiko lake la makaa lilisimama juu ya matofali. Kila bamvua, yaani yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, lilipopita, aliongeza tofali moja chini ya jiko na moja chini ya kila mguu wa kitanda. Jiko sasa lilikuwa limemfika kifuani. Alioka amepanda kigoda, kichwa kikikaribia kugusa boriti.

"Tofali la ngapi hilo, mama?"

"La tisa. Chukua mkate, usiende kazini na njaa."

"Likifika la kumi na mbili utaoka umelala darini."

"Nitaoka nimelala. Kuna ubaya gani? Wengine hawana hata matofali."

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho katika mtaa wa Chumvini, upande wa bahari. Zamani ilikuwa ya tatu kutoka mwisho. Zile mbili zilizokuwa mbele yake ziliondoka mwaka juzi, nyumba nzimanzima, na wenye nyumba walipoulizwa walisema ni wazima wa afya. Sasa ukuta wa Bi Nunu unaotazama bahari ulikuwa umeingia ufa, na Shufaa aliweza kupitisha kiganja chake humo bila kukunja vidole. Fundi aliyeletwa kuutazama alikuna kichwa, akasema hali ni nzuri, ila likija bamvua moja kubwa, moja tu, ukuta utakaa chini na nyumba itaufuata.

*

Wizara aliyofanyia kazi Shufaa iliitwa Wizara ya Bahari na Mambo Mengine Yasiyosogea. Jina hilo lilichaguliwa zamani, bahari ilipokuwa haisogei, na kulibadilisha kungekuwa kukiri kwamba inasogea. Tena palikuwa na ugumu wa kisheria. Ibara ya kwanza ya Katiba inasema: "Nchikavu ni nchi kavu." Kwa hiyo maji yoyote yaliyokutwa ndani ya mipaka yalikuwa yamevunja Katiba. Askari mmoja mwenye bidii aliwahi kuyaandikia hati ya kuitwa mahakamani. Maji yaliipokea hati, lakini siku ya shauri hayakutokea.

Aliyeiokoa nchi na aibu hiyo ni Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Makungu Tambarare. Alizungumza redioni kwa muda wa saa mbili.

"Ndugu wananchi, nasikia maneno mitaani kwamba bahari inapanda. Nani aliyeiona ikipanda? Kupanda kunataka ngazi! Bahari haipandi, ndugu zangu. Bahari inakuja kututembelea. Na sisi watu wa Nchikavu, tangu lini tukamfungia mlango mgeni? Kuanzia leo natangaza kwamba Bahari ni Mgeni wa Taifa. Atakayenung'unika mbele ya mgeni ametuvua nguo sote. Atakayemwekea mgeni magunia ya mchanga mlangoni bila kibali, sheria itamshukia. Karibu, Bahari! Jisikie uko nyumbani!"

Bahari ilijisikia nyumbani. Siku ya kuipokea, zulia jekundu lilitandikwa ufukweni kwa itifaki kamili, bendi ikapiga, na Mgeni akalipitia zulia mara moja tu na kuondoka nalo.

Toka hapo lugha ya ofisi ikabadilika. Sakafu haikuwa na maji, ilikuwa imetembelewa. Nyumba haikubomoka, ilikuwa imempisha mgeni. Watumishi wa ghorofa ya chini walifanya kazi miguu ikiwa juu ya meza, mkao ambao zamani ungemfukuzisha mtu kazi na sasa ulikuwa na waraka wake.

Na wananchi? Wananchi nao walizoea. Walisema ni ya msimu, yatarudi. Walisema mtaa wa jirani ndio wenye nuksi, ukihama ule bahari itatulia. Walisema Serikali inajua, na kama haijui basi itajua. Hata fahari kidogo iliingia: ungewasikia wanawake bombani wakiulizana, "Sisi tuko kwenye tofali la saba, shoga, nyie la ngapi?" Na wa tofali la nne alikuwa akiinamisha kichwa kwa haya.

Lakini hakuna aliyekaa kitako. Hilo Shufaa aliliona kila alipopita mtaani. Watu walizungumza wamesimama, walikula wamesimama, mkono mmoja umeshika sahani na mwingine umeshika kitu ambacho hakikutakiwa kulowa.

*

Wiki ileile ya ndara, meli tatu ziliingia bandarini zimejaa mawe. Zilitoka kwa marafiki wa mbali, watu waliokuwa na mawe mengi kuliko walivyoweza kuyatumia. Walikuwa tayari kuijengea Chumvini ukuta mnene, mwanzo hadi mwisho, bila kudai kitu. Sharti lao lilikuwa moja: wananchi waulizwe kwanza. Wakisema bahari inawasumbua, ukuta ujengwe. Wakisema haiwasumbui, mawe yaende kwa nchi nyingine iliyokuwa imeyaomba. Walitoa siku kumi. Siku ya kumi mjumbe wao angefika mwenyewe kusikia.

Waziri hakuupenda ukuta. "Ukijenga ukuta," aliwaambia wakubwa wenzake, "umeshasema kwamba upande wa pili kuna kitu."

Siku ya tatu Mkurugenzi wa Majibu, Bwana Ngwali, aliwaita makarani. Alikuwa mtu mwema, mnene, asiye na adui hata mmoja. Aliwapokea akiwa ameketi juu ya kabati la mafaili.

"Dodoso ni hili," alisema, akilipunga juu. "Kamati imelikalia siku mbili mfululizo bila kusimama, maana chini hapakuwa na pa kusimama. Lina swali moja tu."

Shufaa alilisoma. Liliandikwa: *Habari za bahari?* Chini yake palikuwa na kisanduku kimoja, kidogo kuliko kibiriti.

Alinyanyua mkono, nusu. "Samahani, Mkurugenzi. Mtu akijibu kwa maneno mengi?"

"Neno la kwanza ndilo jibu, binti yangu. Yanayofuata ni mazungumzo. Serikali haiwezi kuandika mazungumzo, hayana mwisho."

"Lakini kwetu neno la kwanza siku zote ni..."

"Siku zote!" Bwana Ngwali alitabasamu kwa furaha ya kweli. "Umeona? Wananchi wenye msimamo."

Makarani walicheka. Shufaa alishusha mkono. "Ndiyo, Mkurugenzi," alisema.

Akapewa Chumvini, kwa kuwa ni kwao, na watu wangemfungulia milango. Wale waliokuwa bado na milango.

*

Alianza kwa Mzee Pandu.

"Habari za bahari, babu?"

"Nzuri sana, ila imenichukulia ngazi, choo, na mbuzi mmoja."

"Mwambie na redio!" mkewe alipaza sauti kutoka juu ya kabati.

"Na redio. Na kesho ikipenda itanichukua mimi, maana nimebaki mwepesi."

Shufaa aliandika kisandukuni: *Nzuri sana*. Mzee Pandu alinyoosha shingo kutazama, lakini macho yake yalikuwa yamechoka na saa za watu.

"Umeandika yote, mwanangu?"

"Nimeandika, babu."

"Ahsante. Andika vizuri, watuletee huo ukuta upesi."

Shufaa alitoka pale masikio yanamwaka moto.

Nyumba ya pili alimkuta kijana mmoja amekaa dirishani, miguu nje, anakula andazi.

"Bahari? Poa tu, dada. Itarudi yenyewe. Ilienda enzi za babu, ikarudi."

"Na mlango wenu wa mbele uko wapi?"

"Umeenda kidogo. Kwani una haraka gani nao?"

Akaandika: *Poa*.

Kwa Bi Mafunda, godoro la Mzee Pandu lilikuwa limeegemezwa ukutani likichuruzika. Shufaa alimpenda Bi Mafunda. Ndiye aliyekuwa akimsuka nywele utotoni. Aliamua kumwambia ukweli.

"Bibi, nakuomba kitu. Nikikuuliza, unijibu, lakini uanze na ila."

"Nianze na nini?"

"Na ila. Ile nzuri uiache."

Bi Mafunda alishika kiuno. "We Shufaa! Mtoto wa Nunu, mwanamke mwenye haya zake! Huko chuoni ndiko walikokufundisha? Mtu aniulize habari, mimi nimrukie na ila usoni kama paka?"

"Ni kwa ajili ya ukuta, bibi. Wanachukua neno la kwanza tu."

"Basi waambie wawe na subira, wasikilize la pili! Mimi na umri huu nibadilishe mdomo kwa sababu karatasi yao ni fupi?"

"Bibi, nyumba yako inaondoka."

"Inaondoka ndiyo. Na mimi nitaondoka nyuma yake, lakini hawatasema Mafunda aliondoka bila adabu. Haya, niulize kama watu."

Shufaa alimuuliza kama watu. Bi Mafunda alisema salama, ila hapati usingizi, ila kisima kimekuwa chumvi, ila mjukuu wake ana vidonda vya miguu kwa kushinda majini. Zilikuwa ila tatu. Kisandukuni likaingia neno moja.

Siku iliyofuata alijaribu njia nyingine. Aligonga kwa watu na kuuliza bila kusalimu, ghafla, ili wasahau. "Bahari inakusumbua?" Mwanamke wa kwanza alimtazama kama mtu aliyetemewa mate, akafunga mlango. Mlango ulikuwa umeoza kwa maji, ukaanguka. Mwanamke akausimamisha, akaufunga tena.

Mpaka siku ya nane Shufaa alikuwa amepita nyumba mia tatu na kumi na moja, na hakuna hata moja iliyosema vibaya juu ya bahari. Walilia mbele yake. Walimwonyesha kuta, visima, makaburi ya jamaa zao yaliyobaki nusu. Walimpa uji, wakamshika mkono, wakamwambia Mungu ambariki kwa kuwasemea. Katika mafaili yake walikuwa watu wenye raha kuliko wote duniani.

*

Nyumba ya mia tatu na kumi na mbili ilikuwa kwao. Bi Nunu alikuwa juu ya kigoda, anageuza mkate.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umesimama nje na makaratasi kama karani wa mahakama? Ingia."

"Niko kazini, mama. Habari za bahari?"

Bi Nunu alifuta unga mikononi. Alitazama maji yaliyokuwa yakilamba kizingiti. "Nzuri," alisema. Akavuta pumzi. "Ila..."

Shufaa aliinua kalamu.

"Ila nini, mama?"

"Ila mkate unaungua. Ingia ule."

"Mama! Hujawahi kuimaliza ila yako hata siku moja. Baba alipofariki watu walikuuliza habari, ukasema nzuri, ila, ukaishia hapo. Ukaenda kuwapikia chai."

"Walijua wenyewe kilichobaki."

"Hawa hawajui. Hawa hawakai Chumvini." Shufaa alimnyooshea dodoso. "Watu wote wana ila zao ndefu, na mimi sina pa kuziandika. Nipe neno moja tu la mwanzo. Sema mbaya. Mawe yapo bandarini, mama, mtu anayaona kutoka hapa!"

Bi Nunu alishuka kwenye kigoda, akasimama ndani ya maji. Chini alionekana mfupi sana.

"Nikisema mbaya," alisema taratibu, "itakuwa mbaya kweli. Halafu nitakwenda wapi na neno hilo? Nitalala nalo wapi?"

Nyuma yake ufa wa ukuta ulitoa sauti ndogo, kama mtu anayekunywa kwa kificho. Wote wawili waliisikia. Hakuna aliyegeuka.

Shufaa aliandika *Nzuri*. Kalamu ilitoboa karatasi.

*

Bwana Ngwali alisoma matokeo akiwa juu ya kabati, na machozi ya furaha yalimtoka.

"Asilimia mia! Hata mimi, binti yangu, kwa mapenzi niliyonayo kwa Serikali, nilitegemea tisini na tisa." Alijipangusa. "Sasa kuna jambo dogo. Bibi Mjumbe anasema anataka kumsikia mwananchi mmoja kwa masikio yake, mbele ya watu. Nimeulizauliza. Wote wana zile ila zao, kila mtu na treni yake ya ila. Isipokuwa mmoja. Nasikia mama yako ila yake haina kitu ndani."

"Mama yangu si mtu wa kusimama mbele za watu, Mkurugenzi."

"Ndiyo maana anafaa! Na wewe utakaa nyuma ya jukwaa na swichi ya kipaza sauti. Akishasema nzuri, zima. Hata kama ila yake ni tupu, tusibahatishe."

Kulikuwa na neno ambalo Shufaa alitaka kulisema. Alilisikia kabisa likiwa nyuma ya ulimi. Alimeza mate, likashuka nayo.

"Ndiyo, Mkurugenzi."

*

Siku ya kumi iliangukia bamvua. Hilo lilikuwa katika kalenda zote za ukutani, lakini Wizara haikutumia kalenda zenye mwezi.

Shufaa na mama yake walikuwa wamevaa tayari, Bi Nunu kanga zake mpya, waliposikia nyuma ya nyumba kitu kikikaa chini. Hakikuanguka kwa kishindo. Kilikaa, polepole, kama mzee anayekaa msikitini. Walikwenda kutazama. Pale palipokuwa na ukuta waliiona bahari, pana, inang'aa, imeshaingia jikoni na inazunguka jiko. Tofali la kumi lilikuwa limewekwa pembeni, bado kavu.

 Bi Nunu alitoka mbele, akafunga mlango kwa kufuli, akalivuta mara mbili kuhakikisha limeshika, akautia ufunguo kifuani. Kisha wakaenda kwenye sherehe.

Ukumbi wa Taifa ulikuwa umejaa. Maji yalianza kuingia Waziri alipokuwa akiwatambua wageni waalikwa. Yaliingia kwa adabu, chini ya mlango. Watu walinyanyua miguu. Waziri alipofika kwenye historia ya nchi, walinyanyua na watoto. Alipofika kwenye mafanikio, wasaidizi wawili walimbeba wakamsimamisha juu ya kiti, naye hakuruka hata neno.

"Na sasa," alisema, "Bibi Mjumbe atamsikia mwananchi wa kawaida kabisa, ambaye hatukumchagua."

Bibi Mjumbe alikuwa mama mrefu mwenye nywele nyeupe. Alikuwa amejifunza lugha kwa miezi sita kwa ajili ya safari hiyo, na aliitamka kwa uangalifu, kama mtu anayebeba mayai. Alisimama majini mbele ya Bi Nunu.

"Shikamoo, mama. Habari za bahari?"

Nyuma ya jukwaa, Shufaa alikuwa na swichi chini ya kidole.

"Nzuri," alisema Bi Nunu, na sauti yake ikajaa ukumbi mzima.

Shufaa alizima.

Makofi yalipigwa, ya mikono na ya maji. Waziri hakungoja yaishe. Kipaza sauti chake kilikuwa na waya wake, na alikishika kwa mikono miwili.

"Mmesikia! Nzuri! Basi mawe yaende kwa wenye shida, sisi hatuna. Na kwa moyo huu wa ukarimu, leo natangaza kwamba mtaa wote wa Chumvini utakuwa makazi rasmi ya Mgeni wa Taifa. Wakazi watampisha mgeni ifikapo Ijumaa. Mama huyu amekuwa wa kwanza kutoa nyumba yake! Mpigieni makofi!"

Walimpigia. Watu wa Chumvini nao walipiga, mikono ikipungua nguvu kadiri walivyoelewa. Mzee Pandu alibaki na viganja vyake hewani, akimtazama mkewe.

Lakini Shufaa hakuwa akimtazama Waziri. Alikuwa akimtazama mama yake, kwa sababu midomo ya Bi Nunu ilikuwa ikitembea.

Alikuwa amesema nzuri, na baada ya nzuri alikuwa ameendelea. Hakujua kwamba kipaza sauti kimekufa. Alisimama wima pale, mikono ameifumbata juu ya kanga, akimweleza mgeni ila yake kwa heshima zote, na hakuna aliyekuwa akiisikia. Bibi Mjumbe alikuwa ameinama, sikio limeelekezwa, lakini makofi yalikuwa makubwa mno. Midomo ilitembea, ikatembea. Miaka ishirini na sita Shufaa alikuwa akiingoja ila hiyo, na sasa ilikuwa ikipita mbele yake bila sauti, na kidole kilichoizima kilikuwa chake.

Aliiwasha.

"...nikaongeza tofali," ukumbi ulisikia, "kila mara nikaongeza tofali, mtoto akiniuliza namwambia kuna ubaya gani. Nilimwambia hivyo ili asiogope. Leo asubuhi ukuta umekaa chini. Nikafunga mlango kwa kufuli. Mpaka sasa najiuliza nimefunga nini, maana nyuma kote ni bahari..."

Hapo Bi Nunu aliisikia sauti yake ikirudi kutoka kwenye kuta. Alinyamaza. Makofi yalikuwa yameshakatika. Waziri aligeuka juu ya kiti chake, na kiti kikayumba.

"Zima!" Bwana Ngwali alinong'ona, akija huku akiyarusha maji hadi nyuma ya jukwaa. "Binti yangu, swichi! Zima!"

"Hapana, Mkurugenzi," alisema Shufaa.

Alilisema kwa sauti ndogo, lakini aliikumbatia swichi kifuani kwa mikono miwili, na Bwana Ngwali, ambaye hakuwahi kugombana na mtu maishani, hakujua kinachofuata ni nini.

"Mama anatania," Waziri alisema. "Wenyeji wana utani sana. Ameshajibu, ametuambia nzuri!"

"Samahani," alisema Bibi Mjumbe bila kumtazama Waziri. "Lugha bado ni ngeni kwangu. Naomba kuuliza tena, mama. Habari za bahari?"

Maji yalikuwa yamewafika wote wawili magotini. Bi Nunu aliwatazama watu wa mtaa wake, ambao wote walikuwa wamesimama, kila mmoja na kitu mkononi. Bi Mafunda alikuwa amejishika mdomo, kama anayeuzuia usitoe neno. Bi Nunu alimtafuta mwanawe, akamwona nyuma ya pazia la jukwaa, amekumbatia kijiswichi kama mtoto mchanga.

Nzuri ilikuja yenyewe, kama ilivyokuja siku zote. Shufaa aliiona ikifika midomoni mwa mama yake. Akaona midomo ikiifungia.

"Mbaya," alisema Bi Nunu. "Bahari ni mbaya, inatumaliza, na mimi naogopa. Leteni hayo mawe."